Kiti cha gari kwa mtoto mchanga mwenye kifafa: mwongozo kamili wa kuchagua, kufunga na kusafiri

Kiti cha gari cha mtoto mwenye kifafa huchaguliwa kwa kuangalia njia ya hewa. Rangi, jina la kampuni na sifa za muuzaji ni za baadaye. Shingo ya mtoto mchanga bado haijapata nguvu ya kubeba kichwa chake. Akishikwa na kifafa, au akilegea baada ya kushikwa, au dawa zikimtia usingizi mzito, kidevu huangukia kifuani na pumzi ikabanwa. Kiti kinachomfaa ni kile kinachozuia hilo kila siku, na kumlinda siku gari likigonga.

Nimeandika nikimfikiria mzazi wa Dar, Mombasa au Nairobi mwenye gari la mtumba kutoka Japani, au asiye na gari kabisa anayetegemea teksi kwenda kliniki. Aliye Muscat au London atapata viti kwa urahisi zaidi, ila mambo ya kuangalia kwa mtoto ni yale yale.

Hatua ya 1: Jua mtoto wako anashikwa vipi

Rekodi video kwa simu, kisha itazame ukijiuliza swali moja: kichwa kinaenda wapi?

Kuna mtoto anayejikunja ghafla. Kichwa kinainama mbele, mikono inatupwa pembeni, magoti yanavutwa tumboni kwa sekunde moja au mbili, mwili unaachia, halafu inarudi tena na tena kwa mafungu, hasa anapoamka. Wazazi wengi hudhani ni tumbo linamsokota. Hali hii, ambayo madaktari huihusisha na ugonjwa wa West, kwa kawaida huanza kati ya mwezi wa 3 na wa 12. Mtoto huyu anahitaji kiti chenye mlalo wa kutosha ili kila mwili unapoachia, kichwa kirudi chenyewe kwenye egemeo.

Mwingine anakakamaa. Anapinda mgongo, anasukuma kwa visigino, na taratibu anateleza kuelekea chini mpaka mikanda ya mabega inamfikia masikioni. Kwake kitu cha kuchunguza ni mkanda wa katikati ya miguu. Ukiwa mbali na mwili, nyonga zinapata nafasi ya kuteleza. Viti vingi vina matundu mawili au matatu ya kuusogeza, na wauzaji wachache sana wanalijua hilo.

Anayetikisika upande mmoja anahitaji mbawa za kichwa zilizo ndefu na zenye sponji ya kweli.

Halafu yupo yule ambaye kifafa kimetulia kwa dawa lakini mwili ni laini, hauna ukakamavu wa umri wake. Fenobabitali humfanya asinzie, vigabatrini pia. Kwa maoni yangu huyu ndiye anayesahaulika zaidi dukani, kwa sababu hana kinachoonekana. Anakaa kimya, watu wanasema "mtoto mpole", kumbe kichwa kimeshainama.

Hatua ya 2: Beba maswali kliniki

Daktari wa mtoto na mtaalamu wa fiziotherapia wakupe majibu ya mambo matatu: shingo ya mtoto ina nguvu kiasi gani, anaruhusiwa kukaa nusu-ameegemea kwa muda gani, na dawa ya dharura ni ipi na inatolewaje mkiwa njiani.

Kuna kipimo kimoja cha kuomba. Marekani, watoto waliozaliwa kabla ya wiki ya 37 hupimwa kabla ya kutoka hospitali: mtoto anawekwa kwenye kiti chake mwenyewe, amefungwa mikanda kama anasafiri, mashine ikisoma oksijeni, mapigo ya moyo na upumuaji kwa dakika 90 hadi 120, au kwa muda wa safari ya kurudi nyumbani kama ni mrefu zaidi. Mtoto aliyelegea naye ana sababu ya kupimwa hivyo. Huenda ukawa mzazi wa kwanza kuuliza kwenye wodi hiyo. Uliza hivyo hivyo, na kiti uwe nacho mkononi. Hata nusu saa akiwa na oksimita (kifaa kidogo cha kusoma oksijeni) mguuni itakuonyesha kitu ambacho macho hayaoni.

Akishindwa kipimo, yaani oksijeni ikashuka hata baada ya kumrekebisha mkao, vipo vitanda vya gari vinavyomlaza mtoto kabisa kwa upana wa siti ya nyuma. Japani wanatengeneza viti vya aina hiyo, na ukikipata cha mtumba maelekezo yatakuwa kwa Kijapani, kwa hiyo piga picha utafsiri kwa simu kabla ya kulipa. Lakini kitanda ni uamuzi wa daktari. Mtoto anayeweza kuvumilia kiti cha kawaida cha kuangalia nyuma, akae humo.

Hatua ya 3: Kagua gari kwanza

Mtoto anakaa siti ya nyuma, anaangalia nyuma. Kamwe usimweke akiangalia nyuma kwenye siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ule mfuko ukilipuka unapiga mgongo wa kiti pale pale kilipo kichwa chake.

Nchi zetu za Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, hivyo siti nzuri ni ya nyuma kushoto. Mlango wake unafungukia ukingoni mwa barabara, na mtu mzima anakaa kando ya mtoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, kwa hiyo wao wageuze.

Sasa ingiza vidole kwenye mpenyo kati ya egemeo na kikalio cha siti. Ukigusa vyuma viwili vyembamba, umbali wa sentimita 28 hivi kutoka kimoja hadi kingine, gari lako lina ISOFIX, yaani vyuma vya kunasia kiti cha mtoto bila kutumia mkanda wa gari. Usipovigusa usihuzunike, kwani mkanda wa gari ukifungwa vizuri unashika kiti imara. Ila chunguza mkanda wenyewe. Je, unapita begani na kiunoni, au ni wa kiunoni tu, kama ule wa siti ya kati kwenye magari mengi ya zamani? Vikapu vingi vya Ulaya, yaani viti vidogo vyenye mkono wa kubebea, vinahitaji mkanda wa begani na kiunoni, na vinahitaji mkanda mrefu. Mzazi analipa, anafika nyumbani, mkanda unagoma sentimita kumi kabla ya kufika kwenye loki. Jaribu kiti ndani ya gari lako kabla ya kununua. Muuzaji akikataa, nenda kwingine.

Kiti kilichotoka Marekani kina mtego wake. Huko mikanda ya gari inaweza kujifunga isirefuke tena, na baadhi ya viti hutegemea hilo. Mikanda ya baadhi ya magari ya Japani hubaki huru mpaka gari lifunge breki ghafla. Tafuta kiti chenye kibano chake cha kushika mkanda, kama sivyo kitakuwa kinahama kila kona.

Ukiona kiti chenye mguu wa chuma unaoshuka sakafuni, angalia kama gari lako lina visanduku chini ya zulia, mahali miguu inapokaa. Mguu ule hausimamishwi juu ya kifuniko cha sanduku tupu.

Hatua ya 4: Chagua aina

Zipo mbili za kufikiria: kikapu chenye mkono wa kubebea, kinachofaa tangu kuzaliwa hadi kilo 13 hivi, na kiti kikubwa kinachobaki garini, ambacho mtoto anaanza akiangalia nyuma na baadaye kinageuzwa.

Kama unategemea teksi, nunua kikapu kinachofungwa kwa mkanda bila besi, yaani kitako kinachobaki garini. Kama una gari lako na fedha ya kununua mara moja tu, mimi ningeenda moja kwa moja kwenye kiti kikubwa kinachoruhusu kuangalia nyuma hadi kilo 18 au urefu wa sentimita 105, mradi mlalo wake unamtosha mtoto mchanga. Mtoto wa kifafa ambaye shingo yake imechelewa kukaza atahitaji kuangalia nyuma hata baada ya miaka miwili. Akiangalia mbele, breki moja ya kawaida tu pale Ubungo inatosha kumwangusha kichwa kifuani.

Hapa pana kosa linalofanywa kwa nia njema. Kiwango cha zamani cha Ulaya, R44, kinapanga viti kwa kilo na kinaruhusu mtoto kuangalia mbele kuanzia kilo 9. Sasa mtoto aliyepewa prednisoloni kwa ajili ya mishtuko ananenepa haraka: mashavu yanajaa, njaa haiishi, na anaweza kufika kilo 9 wakati hata kukaa mwenyewe hajui. Muuzaji anasoma lebo, anampima kwa macho, anasema "huyu mkubwa, mgeuze". Usimgeuze. Kilo hizo ni za dawa, shingo bado ni ya mtoto mchanga. Kiwango kipya, R129, kilichoanza 2013, kinapanga kwa urefu na kinalazimisha kuangalia nyuma mpaka miezi 15 angalau, tena kinapima mgongano wa ubavuni. Ukipata cha R129, chukua hicho.

Mengine ya kuangalia ukiwa umekishika:

- Mikanda ya mtoto iwe ya pointi tano: mabega mawili, nyonga mbili, katikati ya miguu. Vikapu vya zamani vyenye pointi tatu viache.
- Kitambaa kivulike bila fundi. Mate, matapishi na dawa zilizomwagika vitakuwa kazi ya kila wiki.
- Kitufe chekundu cha loki ukibonyeze mwenyewe. Kisha mpe dada wa nyumbani abonyeze, na bibi pia.
- Mtoto mwenye kichwa kikubwa kwa sababu ya maji kichwani apimwe ndani ya kiti. Kichwa kisibanwe na mbawa wala kusukumwa mbele na mto wa watoto wachanga.

Vile viti vinavyozunguka kuelekea mlangoni ni vizuri kumtoa mtoto haraka. Ni ghali, ni vizito, na vingi vinataka ISOFIX. Si lazima.

Mtumba: utakaonunua na utakaouacha

Wengi wetu tutanunua mtumba, hakuna aibu. Pindua kiti. Tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi, kwa mfano E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Kama ni R44, namba ya idhini ianze na 04. Cha Marekani kitakuwa na maandishi kwamba kinatimiza FMVSS 213, kiwango cha usalama cha huko. Kwenye plastiki ya chini tafuta tarehe ya kutengenezwa na, mara nyingi, ya mwisho wa matumizi. Viti vingi hupewa kati ya miaka 6 na 10.

Kisha pitisha kucha kwenye plastiki ya ndani ukiwa umevua kitambaa. Mstari mweupe unaonyesha plastiki iliyokunjwa kwa nguvu, na kiti kilichopata ajali hakinunuliwi hata wakikupa bure. Vuta mikanda yote na usikilize loki ikilia.

Vile viti vya kitambaa vyenye sponji na vijimkanda, vinavyokunjika kama begi na kuuzwa mtandaoni kwa bei ya kuvutia, si viti vya gari. Havina gamba gumu la plastiki, havina mlalo. Kwa mtoto huyu ni hatari tupu.

Hatua ya 5: Funga kiti, rekebisha mlalo

Egesha gari mahali tambarare, la sivyo vipimo vyote vitadanganya. Funga kiti, kandamiza kwa goti, vuta mkanda. Kishike pale mkanda unapopita, ukitikise: kisihame zaidi ya sentimita 2.5.

Sasa mlalo. Viti vingi vina mstari au kipovu pembeni kinachoonyesha kiwango. Mtoto asiyekaza shingo anahitaji mlalo unaokaribia nyuzi 45, na usizidishe hapo. Kiti kikilala mno, gari likigonga mtoto anapanda juu kichwa kwanza. Akipata shingo, unakisimamisha kidogo kidogo kama kitabu cha kiti kinavyoruhusu. Siti za nyuma za magari mengi zimeinama kuelekea egemeo, na hilo hukisimamisha kiti kuliko ilivyokusudiwa. Taulo lililoviringishwa likawekwa kwenye mkunjo wa siti linarekebisha, ikiwa kitabu hakikatazi.

Hatua ya 6: Mfunge mtoto

Kalio na mgongo viguse kiti chote. Mikanda itoke kwenye matundu yaliyo sawa na mabega au chini yake kidogo. Kaza mpaka usiweze kuukunja mkanda kwa vidole viwili juu ya bega. Viti vya Marekani vina klipu ya kifuani, ikae usawa wa kwapa. Vya Ulaya kwa kawaida havina, na usimnunulie pembeni.

Kichwa kikiegemea upande, viringisha vitambaa viwili vya khanga, uviweke kushoto na kulia kwa kichwa na kiwiliwili baada ya kumfunga. Akiteleza, kitambaa kidogo kati ya mkanda wa katikati na nepi kinasaidia. Usiweke kitu nyuma ya kichwa, nyuma ya mgongo wala chini ya mikanda. Na ile mikanda ya kufunga paji la uso kwenye kiti ili kichwa kisianguke, itupe: mwili ukienda mbele na kichwa kimefungwa, shingo ndiyo inayolipa.

Kama mtoto ana mpira wa chakula tumboni, angalia loki isiulalie. Mtungi wa oksijeni au mashine ya kunyonyea mate ifungwe sakafuni.

Nguo ziwe nyepesi. Njombe na Limuru kuna baridi, lakini koti zito chini ya mkanda linaacha nafasi, kwa hiyo mfunge kwanza kisha mfunike blanketi. Pwani tatizo ni joto. Gari likikaa juani, funika kiti kwa khanga na ushike vyuma vya loki kabla ya kumweka.

Kabla ya safari ya kwanza fanyeni zoezi. Mtoto aliyekakamaa anavuta mikanda, na loki iliyovutwa ni ngumu kubonyeza. Msukume kwanza kwa kiganja kifuani arudi kwenye egemeo, mkanda ulegee, ndipo ubonyeze. Rudieni mpaka kila anayembeba aweze kufanya gizani.

Safarini

Mtu mzima akae kando yake nyuma, macho kwenye kidevu na midomo. Kioo cha kumtazama mtoto nakiona kama faraja ya uongo. Mshtuko wa sekunde mbili hutauona, na dereva anayetazama kioo hatazami barabara. Kama uko peke yako na safari inaweza kusubiri, isubiri.

Mtoto wa wiki za mwanzo asizidishe kama dakika 30 kwa mkupuo. Mkubwa kidogo, simameni kila baada ya saa mbili, mtoeni, alale chali au abebwe. Mkifika, mtoe hata kama amelala. Kikapu si kitanda. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisikae kwenye buti. Safari ya Dar hadi Mwanza inavuka zaidi ya dozi moja, na dozi iliyorukwa ni mlango wa degedege.

Akishikwa, dereva atafute pa kuegesha, awashe taa za tahadhari. Aliye nyuma aangalie saa na anyanyue kidevu taratibu. Akiwa anapumua vizuri na kichwa kimeegemea, anaweza kubaki kwenye kiti gari likiwa limesimama. Akitapika, midomo ikigeuka buluu, au pumzi ikikoroma, mfungue na umlaze ubavu kwenye siti. Usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji. Watu watasogea na ushauri, kitunguu, mafuta ya taa, pengine hata kumfukiza kinyesi cha tembo. Waombe wampe nafasi. Ikifika dakika tano, au ikirudia kabla hajazinduka, toa dawa ya dharura kama mlivyoelekezwa, na elekeeni hospitali iliyo karibu. Kwa mishtuko ya mafungu hesabu imekuwa mingapi, daktari atauliza.

Kwenye teksi, mwambie dereva mapema kwamba utahitaji dakika chache za kufunga kikapu. Bajaji na bodaboda hazina namna ya kufunga kiti. Kwenye daladala kaa mbali na mlango na siti za mbele, mtoto uso wake uonekane, kidevu kikiwa juu, si ndani ya mbeleko iliyofunikwa.

Lini urudie vipimo

Kila mwezi angalia mabega na kichwa. Kwenye viti vya Marekani, juu ya kichwa kibaki angalau sentimita 2.5 za gamba. Rudia pia kila dawa inapobadilishwa au dozi kupandishwa: kwa siku za mwanzo fanya safari fupi tu, na mtu akae nyuma kumtazama anavyosinzia kwenye mlalo ule ule. Mikanda iliyochafuka ifute kwa maji na sabuni laini, usiiloweke wala kuitia dawa ya kung'arisha nguo. Na kiti kilichokuwa garini siku ya ajali kubwa, hata kama mtoto hakuwemo, kikate mikanda kabla ya kukitupa ili kisije kuuzwa tena.